Kudurusu Biolojia ya Kiwango cha Juu: Njia Ipi Itakufaa Mbele ya Maswali ya Kutumia Maarifa?

Mwanafunzi wa Biolojia aliyebakiwa na miezi mitatu kabla ya mtihani wa kiwango cha juu hakosi njia za kudurusu. Kinachomsumbua ni kujua ipi aishike na ipi aiache. Katika makala haya ninalinganisha jozi tatu za njia ninazoziona kwa wanafunzi ninaowafundisha hapa Mombasa jioni na siku za Jumamosi, na ninazipima zote kwa swali moja: njia hii itamsaidia vipi mtahiniwa atakapowekewa jambo ambalo halikuwahi kutajwa darasani, kisha aambiwe alieleze kwa kanuni anazozijua? Maswali hayo ya kutumia maarifa ndiyo yanayowaangusha hata wenye bidii, na huniuma kumwona kijana aliyekesha na daftari akipitwa na mwenzake aliyesoma saa chache zaidi lakini kwa njia iliyofaa.

Mtihani wenyewe unadai nini

Kenya iliacha kidato cha tano na cha sita, na mtihani wa mwisho wa mfumo ule ulifanywa mwaka 1989. Kwa hiyo wanafunzi wengi wa Mombasa wanaosoma Biolojia ya kiwango hicho leo hufanya mitihani ya Cambridge, yenye karatasi tano. Ya kwanza ina maswali 40 ya kuchagua jibu, ya pili ina alama 60 za maswali ya kuandika, ya tatu ni ya maabara, ya nne ina alama 100 kwa saa mbili, na ya tano ina alama 30 za kupanga jaribio na kuchambua matokeo bila kuingia maabara. Karatasi ya nne peke yake hubeba asilimia 38.5 ya alama zote, na ndiyo iliyojaa maswali ya kutumia maarifa. Gawanya dakika 120 kwa alama 100 utaona kwamba kila alama imetengewa dakika moja na sekunde 12, muda ambao hautoshi kuanza kutafuta kichwani sura ya kitabu ambayo swali limetoka.

Mwanafunzi wa kidato cha nne naye asidhani kwamba haya hayamhusu. Katika karatasi ya pili ya Biolojia ya KCSE, swali la sita ni la lazima na lina alama 20. Humpa mtahiniwa takwimu, humtaka achore grafu, kisha humuuliza maswali ambayo majibu yake hayamo katika daftari lolote.

Kurudia kusoma, au kujitamkia bila kutazama

Jozi ya kwanza ndiyo rahisi kuiamua, ingawa ndiyo ambayo wanafunzi huibishia zaidi. Upande mmoja yuko anayesoma daftari tena na tena, akipigia mistari ya rangi na kuandika muhtasari wa muhtasari. Upande wa pili yuko anayesoma mara moja kwa makini, akafunika daftari, akachukua karatasi tupu na kuandika yote anayoyakumbuka, kisha akafunua na kujisahihisha.

Aliyesoma chuoni utotoni anaijua njia ya pili kabla hajaambiwa jina lake. Hakuna mwalimu wa chuo atakayekubali kwamba mtoto amehifadhi sura kwa sababu ameitazama mara 20. Mtoto huketi mbele ya mwalimu, msahafu hufungwa, naye husoma kwa moyo, na pale anapokwama ndipo anaporudishwa. Kisha sura hiyo hurudiwa kesho, na wiki ijayo, hata baada ya kuhifadhiwa nyingine nyingi. Ajabu ni kwamba kijana yuleyule, akifika kwenye sura ya upitishaji wa habari katika neva, huiacha njia hiyo iliyomfaa na kuanza kupaka rangi daftari.

Mwaka 2006 watafiti wawili wa Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, waliwapa wanafunzi vifungu vya kusoma. Kundi moja lilisoma kifungu mara mbili, na jingine lilikisoma mara moja kisha likaandika lililoyakumbuka. Baada ya dakika tano waliorudia kusoma walikuwa mbele, wakikumbuka asilimia 81 dhidi ya 75. Baada ya wiki moja hali iligeuka: waliorudia kusoma walibakiwa na asilimia 42, na waliojipima walikuwa na 56. Naomba msomaji aitazame vizuri ile dakika ya tano, kwa sababu ndiyo inayotudanganya. Anayerudia kusoma huinuka mezani akiwa na yakini kwamba ameelewa, na wakati ule anasema kweli; ila mtihani hauji baada ya dakika tano.

Kurudia kusoma kuna mahali pake. Mwanafunzi aliyekosa somo kwa ugonjwa, au aliyefundishwa sura ya jenetiki kwa haraka mwishoni mwa muhula, hana cha kukumbuka, na kumwambia ajitamkie ni kumwonea. Huyo asome kwanza, na akisome kitabu, si muhtasari wa mwenzake. Baada ya hapo, kila nusu saa anayotenga kwa kusoma aipe nusu saa nyingine ya kuandika bila kutazama. Njia hii ni chungu na huenda polepole, na siku za mwanzo karatasi itarudi nusu tupu, lakini ile nusu tupu ndiyo ratiba yake ya kesho.

Hata hivyo, anayeweza kuyatamka yote hajawa bado mwenye kuyatumia. Kukumbuka ni sharti la kutumia, lakini hakutoshi, na hapa ndipo jozi ya pili inapoingia.

Karatasi nyingi kwa haraka, au maswali machache kwa kina

Ushauri unaosikika kila mahali ni kwamba mtu afanye karatasi za miaka iliyopita, nyingi iwezekanavyo. Ni ushauri mzuri uliokatwa katikati, kwa sababu hausemi zifanywe vipi. Nilimfundisha kijana mmoja aliyekuwa amemaliza karatasi za miaka minane, na kila jibu alilokosa alilinakili kutoka mwongozo wa kusahihisha hadi akaujua kwa moyo. Siku moja nilimpa swali kuhusu mchu, ule mkoko unaoota kwenye matope ya hori la Tudor, nikamwonyesha picha ya majani yake mapana na kumwuliza jinsi mti huo unavyomudu kupata maji. Aliandika kwamba majani yamegeuka miiba ili kupunguza upotevu wa maji. Lilikuwa jibu sahihi kabisa la swali la mpungate, ule mmea wa miiba wa mahali pakavu, lililotoka katika karatasi ya miaka kadhaa iliyopita. Macho yake yaliliona neno moja lililofanana, na mkono ukaandika uliyoyazoea.

Njia nyingine ni kuchukua swali moja na kukaa nalo dakika 40. Nitaionyesha kwa mfano kamili, kwa kuwa kuitaja tu hakusaidii.

Chukua pakiti ya chumvi na sukari ya kuongeza maji mwilini, ile inayouzwa kwa kila kemisti na ambayo akina mama wa Mombasa wanaijua tangu enzi za milipuko ya kipindupindu. Fomula ya awali ilikuwa na milimoli 90 za sodiamu na 111 za glukosi katika kila lita, na mkusanyiko wa vitu vyote vilivyoyeyuka ulikuwa miliosmoli 311. Mwaka 2002 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza fomula mpya: sodiamu 75, glukosi 75, na jumla 245. Sasa swali: eleza kwa nini mgonjwa wa kipindupindu, ambaye utumbo wake unamwaga maji kwa wingi, bado anaweza kufyonza maji kutoka kwenye mchanganyiko huu, kisha upendekeze kwa nini kupunguza jumla ile kulikuwa na faida.

Mwenye haraka ataandika kwamba mchanganyiko hurudisha maji na chumvi zilizopotea. Sentensi hiyo ni ya kweli, lakini haijibu lolote kati ya mawili yaliyoulizwa, kwani swali halikuuliza mchanganyiko una kazi gani bali unawezaje kufanya kazi katika utumbo ulioshambuliwa.

Anayekaa nalo hujiuliza kwanza: swali limenipa nini ambacho nisingekijua mwenyewe? Limenipa tarakimu, na katika fomula mpya sodiamu na glukosi zimelingana. Kwa nini sukari iwekwe sambamba na chumvi? Hapo hukumbuka sura ya usafirishaji kupitia utando wa seli, na ile protini ya ukuta wa utumbo mwembamba inayoingiza sodiamu na glukosi kwa pamoja, ambayo hukwama ikikosa mojawapo. Kisha hujiuliza sumu ya kipindupindu inaharibu nini. Sumu hiyo husababisha milango ya kloridi katika seli za utumbo ibaki wazi. Kloridi humwagika, sodiamu huifuata, na maji huzifuata zote mbili kwa osmosisi. Protini ile ya kubeba sodiamu na glukosi, hata hivyo, haikuguswa. Kwa hiyo mgonjwa akinywa chumvi pamoja na sukari, mlango uliobaki mzima huviingiza vyote viwili ndani ya seli, uwezo wa maji ndani (yaani nguvu ya maji ya kutoka mahali kwenda pengine, ambayo hushuka kadiri vitu vilivyoyeyuka vinavyozidi) hupungua, na maji huingia nyuma yake. Hilo ni jibu la sehemu ya kwanza, na kila kiungo chake kinatoka kwenye silabasi, ingawa mnyororo mzima haupatikani katika ukurasa mmoja.

Sehemu ya pili inakuwa nyepesi kwa anayekumbuka kwamba damu ina takribani miliosmoli 290. Fomula ya awali ilikuwa nzito kidogo kuliko damu, na mpya ni nyepesi kuliko damu. Kwa hiyo uwezo wa maji ndani ya utumbo sasa ni mkubwa zaidi kuliko ndani ya seli, na maji hufyonzwa kwa urahisi zaidi.

Kazi haijaisha. Baada ya kupata jibu, mwanafunzi hubadilisha swali. Itakuwaje mama akitia chumvi bila sukari? Protini haitabeba, na sodiamu itabaki nje. Itakuwaje akimhurumia mtoto na kuongeza vijiko vya sukari? Uwezo wa maji ndani ya utumbo utashuka chini ya ule wa seli, maji yatatoka mwilini kuingia utumboni, na mtoto atazidi kuharisha. Kisha aondoke kabisa kwenye kipindupindu, arudi kwenye mchu wa Tudor. Maji ya bahari yana uwezo wa takribani megapaskali 2.5 chini ya sifuri, na kanuni ni ileile: mti hauwezi kupata hata tone ikiwa uwezo wa maji ndani yake haujashuka chini ya huo. Kwa hiyo mchu lazima uweke vitu vilivyoyeyuka kwa wingi katika seli zake, na chumvi inayozidi huitoa kupitia tezi za majani, ndiyo maana ukiyalamba unasikia chumvi. Yule kijana wa mpungate aliipata hii mwenyewe, bila kuambiwa, baada ya kumaliza swali la kipindupindu, nami nilifurahi kuliko siku alipoleta alama nzuri.

Tukizilinganisha sasa, karatasi nyingi humpa mwanafunzi mwendo, humzoesha sura ya mtihani, na humwonyesha ni mada zipi hurudi kila mwaka. Maswali machache kwa kina hayampi mwendo wowote; humpa uwezo wa kuunganisha. Tofauti yao kubwa ni kwamba mwendo hupatikana kwa wiki tatu za mazoezi, ilhali uwezo wa kuunganisha hukua polepole na hauharakishwi. Kwa sababu hiyo, mwenye wiki nane au zaidi ninamshauri aanze na maswali ya kina, mawili au matatu kwa wiki katika kila mada ngumu, na karatasi kamili za kupimwa kwa saa aziache hadi wiki nne za mwisho. Akizimaliza zote mwezi wa kwanza atakuwa ameziharibu, kwa kuwa karatasi anayoijua majibu yake haiwezi tena kumpima.

Aliyebakiwa na wiki tatu hana nafasi hiyo. Huyo afanye karatasi kwa saa, lakini kila alama aliyoikosa aiandikie sababu moja kati ya tatu: sikulijua jambo lenyewe; nililijua lakini sikulisoma swali vizuri; nililijua, nikalisoma, ila sikuweza kuliunganisha. Nimeona wanafunzi wanaodhani hawajui Biolojia, kumbe nusu ya alama zao hupotea kwenye sababu ya pili, kwa kueleza walipoambiwa wataje, au kwa kuandika sababu walipoambiwa waelezee tu mwelekeo wa grafu. Anayepoteza kwa sababu ya kwanza arudi kwenye jozi ya kwanza, ajitamkie. Anayepoteza kwa sababu ya pili apige mstari chini ya kila kitenzi cha amri kabla ya kushika kalamu. Anayepoteza kwa sababu ya tatu ndiye atakayefaidika na maswali ya kina, hata kama ni matano tu hadi siku ya mtihani.

Peke yako au kundini, na kwa lugha gani

Kusoma kundini hapa kwetu ni jambo la kawaida. Vijana hukutana maktabani, au barazani baada ya swala ya isha, na wengine wanaona wanaelewa zaidi kundini kuliko darasani. Ninaamini wanasema kweli, na sababu yake ni lugha. Darasani walisikia Kiingereza, barazani wanaelezana kwa Kiswahili, na mtu anayeweza kumweleza mwenzake kwa lugha ya nyumbani jinsi figo inavyorudisha maji mwilini ameelewa. Asiyeelewa hana pa kujificha, kwa kuwa hawezi kukariri sentensi ya kitabu.

Ila mtihani unaandikwa kwa Kiingereza, na baadhi ya maneno yetu ya kila siku huficha tofauti ambazo mtahini anazidai. Tunasema kupumua kwa kuvuta na kutoa hewa, na tunasema hivyohivyo kwa kazi ya seli ya kuvunja glukosi ili kupata nishati. Mwanafunzi aliyeelezwa barazani kwamba mmea unapumua usiku huandika jibu linalochanganya mambo mawili. Tunasema joto kwa nishati na joto kwa kipimo chake, ilhali kwenye mhimili wa grafu kinachotakiwa ni halijoto. Na tukisema chumvi inavuta maji, tumeeleweka, lakini katika karatasi ya nne hakuna alama ya kuvuta. Alama iko kwenye kusema maji yametoka wapi penye uwezo mkubwa na kwenda wapi penye uwezo mdogo, kupitia utando wa aina gani.

Kwa hiyo katika jozi hii sichagui upande mmoja. Kundi la watu watatu au wanne, kwa Kiswahili, ni bora kuliko upweke kwa kulifungua swali gumu na kulijadili. Kwa kundi la saba au wanane sijaona faida, maana wawili husema na waliobaki huitikia. Baada ya mjadala kila mmoja aende kwake, aandike jibu kamili peke yake kwa Kiingereza, kwa muda uliopangwa, bila simu, na kesho yake wabadilishane karatasi na kusahihishiana kwa mwongozo. Asiye na kundi anaweza kujieleza mwenyewe kwa sauti. Inatosha kwa kukagua uelewa, ingawa hapati mtu wa kumwambia kwamba hoja yake imeruka hatua.

Video za masomo katika intaneti naziweka pamoja na kurudia kusoma: zinafaa kwa mada iliyokosekana, na hazipimi chochote.

Mfano mmoja wa kujaribia

Anayetaka kujua yuko wapi kati ya njia hizi ajipime kwa swali hili, linalotuhusu sisi watu wa Pwani. Mwaka 1949 Anthony Allison alipima damu za watu wa sehemu mbalimbali za Kenya, akakuta kwamba wenye jeni moja ya selimundu walikuwa zaidi ya asilimia 20 katika baadhi ya jamii za Pwani na za kando ya Ziwa Viktoria, ilhali katika nyanda za juu walikuwa chini ya asilimia moja; mwaka 1954 alichapisha ushahidi kwamba jeni hiyo moja humkinga mwenye nayo dhidi ya malaria. Eleza tofauti hiyo ya Pwani na nyanda za juu. Kisha upendekeze jeni hiyo itakuwaje, kizazi baada ya kizazi, katika familia zilizohama kutoka Pwani kwenda mahali pasipo na malaria kabisa.

Akiweza kusema selimundu ni nini lakini akakwama kwenye kizazi baada ya kizazi, kukumbuka kwake ni kuzuri na sasa ahamie maswali ya kina. Akiandika kwamba jeni itatoweka mara moja, arudi kwenye uteuzi wa asili na aangalie kwa nini wenye jeni moja, wasiougua, wataendelea kuirithisha kwa muda mrefu huku idadi yao ikipungua polepole. Akijibu yote mawili kwa usahihi lakini kwa dakika 25, hahitaji mwalimu wa ziada. Anahitaji saa na karatasi za miaka iliyopita, na aanze na ile ya nne.